Kamba ya Hewa

Gari la abti lilikuwa na kiu kuliko ngamia. Hayo si maneno yangu. Ni yake mwenyewe, na aliyasema kila alipotoka kituo cha mafuta, kofia mkononi kama mtu aliyetoka mazishini. "Ngamia akinywa leo, kisimani utamwona tena baada ya siku nyingi. Hili likinywa asubuhi, adhuhuri linalia."

Lilikuwa gari la petroli la zamani, lenye turubai nyuma, na umri wake ulinizidi mimi. Abti alilitumia kupeleka sukari, unga na majani chai kwenye vijiji vya barabara ya Wajir. Mimi nilikuwa kidato cha pili Garissa, nikikaa kwake. Abti ni kaka wa mama. Kwetu Wasomali, yeye huniita abti na mimi humwita abti, neno moja linaenda na kurudi. Mkewe alikuwa na duka Nairobi, mtaa wa Eastleigh, na alikuja Idi tu. Kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu wawili, na abti akisafiri ilikuwa yangu peke yangu, ila bibi wa jirani alikuja kulala. Bibi huyo alikuwa hasikii vizuri. Jioni nilimsomea kazi yangu ya Kiingereza kwa sauti, naye akaitikia "masha'Allah" mahali pasipo na la kushangilia.

Mama alikuwa porini na ngamia. Baba alifariki nikiwa mdogo, mama akabaki na mifugo na kaka zangu, na mimi nikaletwa mjini nisome. Tangu niingie sekondari nilikuwa nimemwona mara moja. Shuleni wasichana wa mjini waliniita Mtoto wa Ngamia, na nikipita walijifanya wanatafuna kwa taya za pembeni. Sikuwa na rafiki. Siandiki hivi nionewe huruma, ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu akiniuliza jambo, jibu lilipanda hadi kooni likakaa hapo kama kokwa ya tende.

Nilimwomba abti anipeleke kwa mama likizo ya Agosti. Alikuwa anakunywa chai. Aliiweka chini.

"Petroli, abti. Kwenda mtungi mzima, kurudi mtungi mwingine. Nikikubeba wewe badala ya sukari, tutakula nini? Kitabu?" Kisha, labda kwa sababu aliona uso wangu, akaongeza, "Siku gari hili litakapofika kwa mama yako kwa petroli ya kufika Modogashe tu, katikati ya njia, nitakupeleka."

Alisema kama mtu anavyosema siku punda atakapoota pembe. Mimi niliipokea kama ahadi.

Fundi wake alikuwa Mkamba, mtu wa "Kenya", kama wazee wetu wanavyoita kila mahali ng'ambo ya daraja la Tana, ingawa alikuwa ameishi Garissa kabla sijazaliwa. Siku moja nilipeleka chakula gereji nikawakuta wamefungua boneti na wanabishana. Abti akiongea Kiswahili alikuwa na haraka, na p zake zote zilikuwa b.

"Fundi, hii gari nakunywa betroli mbaka mimi nafilisika."

"Mzee, si gari, ni kabureta. Inamimina bila kuuliza. Injini imeshiba mafuta, inakosa pumzi." Fundi akachokora kopo la misumari akatoa kitu cha shaba, kidogo kama kidole gumba, chenye kifuniko cha kufungua na kufunga. "Hii niliitoa kwenye lori kuukuu la watu wa barabara. Valvu ya hewa. Zamani madereva walikuwa wanaifunga hapa, kati ya kabureta na injini. Gari likishika mwendo unaifungua, injini inavuta hewa ya ziada. Petroli kidogo, hewa nyingi."

"Na hewa wewe nauza bei gani?"

"Hewa ni ya Mungu, mzee. Wewe lipia tundu."

Walicheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya wali, nimesahau kuiweka chini. Maabara ya shule yetu ilikuwa na vichomeo vya gesi vichache, na mwalimu alikuwa ametuonyesha: ukiziba tundu la hewa mwali unakuwa wa manjano, mvivu, wenye masizi, ukilifungua unakuwa wa buluu na mkali, ukizidisha hewa, unalia "pa!" na kuzimika. Nilimnong'oneza abti hayo kwa Kisomali. Abti akamweleza fundi kwa sauti kubwa, kana kwamba ameyajua tangu utoto.

"Ndiyo hiyo hiyo," fundi akasema. "Ila kwenye mchanga uifunge. Gari likivuta kwa nguvu linataka mafuta yake. Ukiliacha na hewa tupu litakohoa, litachemka, na mtalala njiani."

Alitoboa bomba la kuingizia hewa, akakaza valvu. Mdomoni mwa valvu alifunga kipande cha soksi ya abti, kuzuia vumbi. Kutoka kwenye kifuniko alivuta kebo ya breki ya baiskeli hadi ndani, akaweka mkono wa kuvuta upande wa kushoto, mbele ya kiti cha abiria, kwa sababu ndiko kebo ilikofika.

Tulijaribu kwenye barabara iliyonyooka nje ya mji. Abti alipima tangi kwa kijiti kabla na baada, kisha akapima tena kwa kutoamini. Lakini kuitumia mwenyewe ilimshinda. Alilazimika kuinama mpaka karibu alale kwenye kiti, na kila tulipoingia mchangani alisahau, gari likakohoa kama mzee wa sigara. "Mungu amenipa mikono miwili," alisema, "mmoja wa usukani, mmoja wa gia. Huyu fundi anataka wa tatu." Basi mkono wa tatu nikawa mimi. Nilijifunza sauti ya injini kama wengine wanavyojifunza nyimbo za redio. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunihitaji katika mji ule.

Agosti tuliondoka baada ya alfajiri. Mtungi mmoja ulimiminwa kwenye tangi. Mtungi wa kurudi ulifungwa nyuma na haukuguswa. Hiyo ni sheria ya madereva wa kwetu. Kati ya kituo na kituo hakuna mtu wa kukuuzia petroli, na aliyegusa mtungi wa kurudi wanamsimulia mpaka leo. Nilikaa mbele. Ardhi ilikuwa ngumu, valvu wazi, injini ikiimba kwa sauti nyembamba, na nilikuwa na furaha kiasi cha kuona aibu.

Kwenye kijiji cha kwanza mzee mmoja aliinua bakora. Kwetu huulizi. Kiti cha mbele ni cha mzee, na msichana hashushwi, hushuka mwenyewe. Nilikuwa nimeshafika chini kabla gari halijasimama sawasawa. Ndipo abti akakumbuka valvu. Akamweleza mzee namna ya kuvuta na kulegeza. Mzee akarudisha mikono ndani ya shuka lake.

"Mimi niguse koo la gari la mtu? Likifa, mtasema nimelinyonga."

Abti akafungua kamba ya kufungia ngamia iliyokuwa juu ya mizigo, akaifunga kwenye mkono wa kebo, akaipitisha juu ya bega la mzee na kuitoa nyuma kwenye tundu la turubai. Mwisho wake akanipa mimi. "Ukisikia ardhi ngumu, vuta. Ukisikia mchanga, legeza."

Nikasafiri hivyo, juu ya magunia, sioni mbele. Nilisikia abti na mzee wakizungumza na kucheka lakini maneno hayakunifikia. Vumbi liliingia kwa chini. Nilifumba macho nikasikiliza tairi: kwenye ardhi ngumu zinagonga, kwenye mchanga zinanong'ona. Nilikuwa nimekaa peke yangu mara nyingi maishani, lakini sijawahi kuwa peke yangu kwa kazi ngumu namna ile.

Tulipofika mahali pa mama, gari lilisimama. Nilichungulia. Boma la miiba lilikuwa wazi. Majivu yalikuwa baridi. Pale penye kibanda kulikuwa na duara safi tu kwenye ardhi. Walikuwa wamehama.

Mzee alishuka polepole, akatazama nyayo, akavunja kinyesi cha ngamia kwa vidole. "Juzi," alisema. "Wamekwenda visimani, upande wa Habaswein."

Abti akatumbukiza kijiti kwenye tangi, akakitoa, akakisogeza karibu na uso. Petroli ilikuwa imebaki nyingi kuliko safari yoyote aliyowahi kufika pale. Kufika visimani ingetosha. Lakini kutoka visimani hadi Garissa ni mbali zaidi ya alivyozoea, na mtungi wa kurudi ulikuwa ule mmoja. Alifuta kijiti kwenye suruali yake.

"Tunarudi, abti."

Najua alikuwa na haki. Nilitazama lile duara kwenye ardhi, mahali mama alipokuwa amelala juzi, na nikasikia sauti ya mtu anasema. Ilikuwa yangu.

"Abti, hiyo iliyobaki tumeibakisha kwa ajili ya njia hii. Kurudi mtungi utatosha. Nitashika kamba, sitalala."

Abti akakunja uso. Mzee akakohoa. "Mpe msichana njia yake," alisema. Kisha akatazama pembeni. "Na mimi ninakwenda visimani. Nilinyamaza nisionekane najiombea."

Abti alimtazama, akanitazama, akaanza kucheka akiwa amekasirika bado. "Kumbe nimepakia majambazi wawili! Pandeni!"

Visima tulivisikia kabla ya kuviona, kwa vilio vya ngamia na nyimbo za wanyweshaji. Mama alikuwa kwenye hori, na kaka zangu ndani ya kisima wakipandisha ndoo. Zamu yake ilikuwa imeanza, na kwenye visima vile zamu haina huruma: hori likikauka ngamia wanavurugana, na watu wa nyuma yako wanaingia. Aliniona. Alicheka kwa sauti, akaniwekea kiganja chenye maji juu ya kichwa, shungi likalowa, akarudi kwenye ndoo. Nikavua viatu vya shule nikasimama kando yake kwenye mstari.

Tukaongea ndoo hadi ndoo.

"Hooyo, umekula?" aliuliza. Naye huniita hooyo, yaani mama, kama ninavyomwita.

"Nimekula, hooyo."

Ndoo.

"Umekonda. Huko una watu?"

"Abti ananitunza," nilisema. Ni kweli, na halikuwa jibu. Alilijua. Alinipa ndoo nyingine, nyepesi kidogo kuliko zilizotangulia. Ngozi ya viganja vyangu ilikuwa imeanza kuchubuka na nilivificha kwa kuvilowesha.

"Kaka yangu alisema gari halifiki huku. Limefikaje?"

Nikaanza kumweleza. Nilikuwa nimelieleza jambo lile kichwani kwa Kiswahili na kwa Kiingereza mara nyingi, lakini kwa Kisomali, mbele ya mama, sikuwa na maneno ya kabureta wala mchanganyiko wala mvuto. Nilionyesha kwa mikono, maji yakamwagika. Mama alingoja mpaka nikamaliza.

"Linakula upepo," alisema.

"Kidogo tu."

"Basi utakuja tena." Aliwaza. "Ila mvua ikinyesha hatutakaa visimani. Tutafuata maji ya mvua, hadi karibu na mpaka wa nchi. Mwenyezi Mungu ailete, ngamia wamechoka."

Nilisema amina huku nikipima njia ya mpakani kichwani mwangu, kwa mitungi.

Ngamia wa mwisho alipokunywa, abti aliita. Ilibidi tuondoke jua likianza kushuka, kwa sababu gari lililobaniwa petroli huchemka upesi kwenye joto. Mama hakuweza kutusindikiza. Ngamia wakishakunywa huondoka mara moja kutafuta malisho, na anayewachunga huondoka nao. Yeye alikwenda upande mmoja na mimi upande mwingine, na vumbi lao lilikuwa kubwa kuliko letu.

Petroli ilitosha. Tuliingia Garissa kijiti kikitoka kwenye tangi kikavu, abti akapiga usukani kwa furaha, na kesho yake alikuwa gereji akimsifu fundi mbele ya madereva wenzake. Fundi akahamisha ule mkono wa kebo karibu na usukani, na abti hatimaye akajifunza. Nilidhani kuanzia hapo ningekuwa na safari nyingi. Lakini gari lililokula kidogo lilikwenda mbali zaidi, hadi vijiji ambavyo zamani hakuvithubutu, na abti akawa harudi kwa siku nyingi. Bibi wa jirani alihamishia mkeka wake kwetu kabisa. Shuleni nilisoma mpaka nikawa wa kwanza katika fizikia, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Mvua ikachelewa. Shule yote ilikwenda uwanjani na watu wa mji kwenye sala ya kuomba mvua. Kama ilivyo desturi ya sala hiyo, imamu aligeuza joho lake ndani nje, wanaume wakageuza mashuka yao, na wazee walilia waziwazi. Mimi nilikuwa mstari wa wasichana, mikono juu, viganja vimeshapona. Kichwani niliwaona ngamia wa mama, mbavu zimetokeza. Nilijua katika uwanja ule wote hakuna aliyeihitaji mvua ile kuliko yeye. Nilijua pia itampeleka wapi, na gari letu lisingefika huko hata kwa hewa yote ya Mungu.

Imamu aliomba, watu wakaitikia. Aliomba tena, wakaitikia. Nikasema amina. Msichana aliyekuwa kando yangu aligeuka kunitazama, kwa sababu nilikuwa nimechelewa, na uwanja mzima ulikuwa umeshanyamaza.