Fundi wa Klachi Anayekaa Nyuma

Jambo la kwanza ambalo mtu huliona kwa fundi huyu ni mahali anapokaa. Pikipiki mbovu ikiletwa kwenye kibanda chake cha mabati, hagusi spana. Anajifuta mikono, anazunguka nyuma ya mwenye pikipiki, anapanda, anaweka viganja juu ya magoti kama mgeni wa heshima, kisha anasema, "Twende." Kwa sababu hiyo wateja wamempa jina la Abiria, na jina limemganda kuliko grisi.

Waendesha bodaboda wanaona hicho ndicho kilele cha ufundi. Mafundi wengine huchukua pikipiki ya mtu wakaizungusha mji mzima, wakarudi wamemaliza petroli na ugonjwa hawaujui. Abiria hukaa nyuma, hufumba macho, husikiliza. "Yule haendeshi," huambiana, "yule anapima." Hakuna aliyewahi kumuuliza kama anajua kuendesha. Ingekuwa kama kumuuliza mwalimu wa hesabu kama anajua kuhesabu.

Ukweli ni kwamba hajui. Ujanani hakuwa na pikipiki, na ufundi alijifunza mezani, kwenye injini zilizokwisha kung'olewa. Sifa zilipokuja, muda wa kuomba kufundishwa ulikuwa umepita. Kadiri sifa zilivyokua ndivyo aibu nayo ilivyonenepa.

Asubuhi moja alikuja mwendesha bodaboda mmoja mnene, mwenye watoto wakubwa, ambaye wenzake humwita Resi.

"Fundi, pikipiki imenigeuka. Navuta mafuta, injini inalia kama inauawa, lakini mwendo hakuna. Mlimani napitwa na watu wa miguu."

"Gia zinaingia?"

"Zinaingia vizuri tu. Zinaingia halafu hazifanyi kazi, kama shemeji yangu."

Abiria akapanda nyuma. Walipofika kwenye mlima wa kuelekea shuleni, akamwambia aweke gia ya juu na avute mafuta. Sauti ya injini ikapanda, mwendo ukabaki pale pale.

"Klachi inateleza," Abiria akasema. Kisha akafumbua macho, akachungulia juu ya bega la Resi. "Na hivyo vidole vinne vinafanya nini juu ya klachi?"

"Vimepumzika tu, fundi."

"Wewe ukipumzika, plati zinaungua. Ukiigusa kidogo tu, zinaachiana nusu, zinabaki zinasuguana. Klachi unaibana ukibadilisha gia, halafu unaiachia. Siyo mkono wa mchumba huo."

Injini ilipofunguliwa, plati, yale mabamba membamba ya klachi, zilitoka nyeusi, zikinuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Abiria akafunga mpya, akarekebisha waya mpaka kishikio kikawa na ulegevu mdogo mwanzoni, huku akitoa hotuba yake ya kila siku: waya ukikazwa mno, klachi inateleza, ukilegezwa mno, haiachii sawasawa, gia zinagonga, na pikipiki inataka kuondoka hata kama umebana. Waliokuwa karibu walisikiliza kama wako darasani.

Jioni hiyo mkewe alimpokea na simu mkononi na uso unaong'aa. Mama yake amekubali kuja! Mama huyo hakuwahi kukanyaga nyumba hiyo tangu walipooana, kwa maana aliona bintiye amejitupa kwa mtu wa grisi. Sasa kulikuwa na mjukuu aliyeanza kutembea, na moyo wa bibi ulikuwa umelegea.

"Ila ana sharti," mkewe alisema. "Umpokee wewe mwenyewe kituo cha basi, kwa pikipiki. Anasema hawezi kupakiwa na mtu asiyemjua wakati ana mkwe anayezijua pikipiki zote za mji. La sivyo anageuza na basi hilo hilo. Nimemwambia hilo halina shida."

"Halina shida," Abiria akarudia.

"Jumapili."

"Jumapili," akaitikia.

Angeweza kusema ukweli pale pale, lakini mke alikuwa ameshapanda juu ya kiti anatundika pazia jipya. Hivyo Abiria alikwenda kumtafuta Resi, akamweleza yote. Resi alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza, akaapa kuitunza siri, akatoa pikipiki yake, na kila jioni wakawa wanakutana kwenye uwanja wa mpira nyuma ya kinu cha unga.

Nadharia Abiria alikuwa nayo ya kumwaga. Shida ilikuwa masikio. Kila alipoanza kuachia klachi, alizisikia plati zikikaribiana mle ndani, akazionea huruma, na mkono ukaganda katikati. Injini ikapiga kelele, pikipiki ikatambaa kama kobe, harufu ya kuungua ikapanda. Akijikaza na kuachia kwa mkupuo, pikipiki inaruka na kuzima.

"Fundi," Resi akasema kwa upole wa kuudhi, "hivyo vidole vinne vinafanya nini hapo?"

"Nyamaza."

"Wewe ukipumzika, plati—"

"Nimesema nyamaza!"

Kufikia Jumamosi aliweza kuzunguka uwanja kwa gia ya kwanza. Ya pili aliendelea kuisikia kwa wateja tu.

Jioni hiyo mkewe, akishangaa kwa nini mume anarudi kila siku ananuka moshi na chakula kinamshinda, alimwacha mtoto kwa jirani akamfuata. Alimkuta karibu na goli, pikipiki imezima, Resi anasukuma nyuma huku jasho likimtoka.

"Kumbe!" mke akasema.

Resi akageuka kutazama ukuta wa kinu kwa makini sana.

"Mke wangu, nina maelezo."

"Washa."

"Eh?"

"Washa pikipiki. Maelezo utanipa nikiwa nimekaa."

Akapanda nyuma, na kabla pikipiki haijasogea akaanza. "Siku ile unanichumbia ulisema nini? Kwamba utanizungusha dunia nzima! Ulikuwa na maana tuzunguke kwa miguu? Mama nimemwambia mkwe wake ni bingwa. Bingwa! Bingwa wa kupakiwa!" Kutoka hapo akahamia kwa kaka za mumewe, kisha kwenye bati linalovuja. Abiria, akihangaika kutafuta neno la kujitetea, hakubaki na sikio la kuzisikiliza plati. Mkono ukabana, mguu ukabadilisha, mkono ukaachia. Gia ya pili. Bati bado linavuja. Gia ya tatu. Wakatoka uwanjani wakashika barabara, na Resi akikimbia nyuma na kitambi chake, akipiga kelele, "Fundi! Weka ya nne! Ya nne, fundi!"

Pikipiki iliposimama mlangoni kwao, mke alikuwa hajagundua lolote. "Na bado sijamaliza," akasema.

"Usimalize," Abiria akamsihi. "Tafadhali, usimalize."

Alipoelezwa, mke alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akapiga simu. "Mama, kesho ukipanda pikipiki usinyamaze hata kidogo. Mseme mkwe wako mpaka nyumbani."

"Nimseme hata yale yote niliyoyaweka moyoni?"

"Hasa hayo, mama."

Jumapili Abiria alifika kituoni mapema kuliko wauza maji. Resi alikuwa ameitunza siri kwa uaminifu mkubwa: hakumwambia mtu ila waendesha bodaboda wote, nao walikuwa wamejipanga ukutani, kila mmoja na darasa lake la kumkumbusha fundi.

"Leo abiria nani, fundi?"

"Ulegevu kidogo mwanzoni!"

Basi lilichelewa. Kijasho chembamba kikamshuka ndani ya kofia ngumu. Hatimaye likakata kona, likawasha taa ya kuegesha, na nyuma ya kioo akaiona sura iliyonuna, midomo tayari inachezacheza kama inajifanyia mazoezi. Abiria akawasha injini. Tangu aoe hakuwahi kufikiri kwamba siku moja angetamani kwa moyo wote mama mkwe wake ashuke, apande nyuma yake, na aanze kumsema.