Simama Karibu na Kifaa

Mimi nimekaa kwenye dirisha la malalamiko la idara ya maji miaka ishirini na saba, kwa hiyo hakuna mtu wa kunifundisha jinsi mteja anavyozungushwa. Nimewazungusha watu mpaka wakasahau kilichowaleta. "Tumelipokea, tunalishughulikia" ni maneno niliyoyasema mara nyingi kuliko jina langu. Sasa nimestaafu, nakaa kwa dada yangu mkubwa, na zamu yangu ya kuzungushwa imefika.

Dada ni fundi cherehani. Anashona sare za shule, na watoto aliowashonea zamani siku hizi wanamletea watoto wao. Ana tabia mbili zisizotibika. Ya kwanza, kila nguo inayotoka mkononi mwake huitia namba ya mwenyewe kwa uzi, upande wa ndani, maana watoto hupoteza masweta na wazazi huja kumgombeza yeye. Ya pili, hawezi kuona kitu kiko uchi. Redio ina nguo. Televisheni ina nguo, rimoti ina nguo, jagi la maji lina nguo, na mtungi wa gesi una sketi ya marinda. Mgeni akija vifuniko vinavuliwa na vitu vinapanguswa. Mgeni akitoka vinavishwa tena. Nilipohamia pale, wiki ya kwanza niliogopa kukaa kwenye kiti kimoja muda mrefu.

Mtoto wake ni mmoja tu, wa kike, muuguzi katika nchi ya mbali, na mwaka huu akapata mchumba huko huko. Dada hawezi kusafiri. Miguu inamvimba na daktari amekataa katakata asikae kwenye ndege saa zote hizo. Basi akasema, harusini sitakuwepo, lakini gauni litatoka kwenye cherehani hii hii, liwalo na liwe. Huko kwetu simu inashika mtandao wa kuongea tu, na hapo uwe umesimama getini. Binti akalipia intaneti ya setilaiti, dishi likaja kwenye boksi, bapa kama sinia, likafungwa juu ya paa la zege karibu na kamba za kuanikia nguo.

Mwanzoni mambo yalikuwa mteremko. Binti alisimama mbele ya kamera, rafiki yake wa kazini akamzungushia tepu, na dada huku akaandika vipimo kwa chaki. Akanunua satini nyeupe yenye nyuzi za fedha, mwisho wa jora, duka zima halikubaki na kipande. Akakata, akapiga bandi, akalituma gauni kwa ndege likiwa limeshikizwa shikizwa tu. Kilichobaki ni binti kulivaa na kuzunguka taratibu, mama aone pa kubana na pa kuachia, ndipo rafiki apige mashono ya mwisho. Harusi ilikuwa baada ya wiki nne. Hapo ndipo dishi likaanza vituko.

Binti alikuwa akitokea, anasema, "Mama, unaniona?", anainua mkono, halafu anaganda na mkono juu. Dada alikaa mbele ya skrini na pini tano mdomoni akitazama kiwiko cha mwanawe dakika ishirini. Asubuhi kukiwa na umande hata kiwiko hatukukipata. Programu ya simu ikawa inaandika kwa wekundu: kizuizi kimegunduliwa. Kizuizi gani, haisemi. Nikahamisha kamba za nguo. Nikakodi wabebaji wawili wakasukuma tangi la maji mpaka kona ya pili ya paa, na mgongo wangu haujanisamehe mpaka leo. Kizuizi kikaendelea kugunduliwa.

Nikasema basi, nitalalamika, hiyo ndiyo kazi niliyosomea. Kumbe kampuni yenyewe haina namba ya simu. Haina ofisi, haina dirisha, haina hata mlango wa kugonga kwa hasira. Unawaandikia kwa kupitia programu, na programu inataka intaneti. Yaani ili uwaambie huna intaneti, uwe na intaneti. Nilikaa chini kwanza. Sisi idara ya maji tulikuwa na roho mbaya, lakini hatukuwahi kumwambia mtu alete ndoo ya maji ndipo tumsikilize kwamba hana maji.

Nikawa napanda kilima dakika kumi na tano mpaka kwa kinyozi wa njia panda, mwenye mtandao wake wa waya. Naketi kwenye benchi la wateja, naandika. Majibu yote huanza na "Mpendwa mteja", hivyo huyo anayejibu, awe mtu awe mashine, nikampa jina la Mpendwa. Kwanza Mpendwa anataka namba ya kifaa, tarakimu kumi na mbili. Kisha anaandika: "Mpendwa mteja, pole kwa usumbufu. Tafadhali simama karibu na kifaa, kizime, subiri dakika tano, kiwashe, halafu utuambie taa ina rangi gani."

Kifaa kiko bondeni, mimi niko kilimani. Nateremka, nazima, nasubiri, nawasha, natazama taa, napanda tena na moyo unanidunda, nikifika nakuta: "Mpendwa mteja, kwa kuwa hukujibu kwa muda wa dakika kumi, mazungumzo haya yamefungwa. Ilikuwa furaha yetu kukuhudumia." Naanza upya, na namba upya. Kumfungia mtu shauri lake kwa kosa la kwenda kufanya ulichomwagiza! Nilikasirika, sikatai, lakini pia niliwavulia kofia. Sisi dirishani hatukufikia kiwango hicho.

Baada ya wiki moja, ile namba nilikuwa naijua kuliko tarehe yangu ya kuzaliwa. Kinyozi naye akaijua. Ikafika mahali nikisita, mteja mwenye povu usoni ananikumbusha: mbili nne, mzee, halafu sifuri.

Wazo la kumleta dada kwa kinyozi lilikuwa langu, na lawama ni zangu. Alipanda kile kilima na miguu ile, akapumzika mara tatu njiani, akakaa kwenye kiti cha kunyolea, simu tukaiegemeza kwenye kioo. Binti akatokea safi kabisa, amejitanda shuka juu ya gauni, tayari kulifungua. Nyuma ya bega la mama yake akaona wanaume wanne, mmoja amenyolewa nusu kichwa, wote wamenyoosha shingo. Huyo wa nusu kichwa akatoa maoni kwamba bega la kushoto limekaa juu kidogo, na shuka lenyewe lilikuwa halijavuliwa. Binti akasema, "Mama, mimi sizunguki mbele ya hao," akakata. Tuliporudi nyumbani dada akanipakulia chakula bila kuniangalia.

Zilibaki wiki mbili. Nikaandika barua rasmi, ya kurasa mbili, yenye kichwa cha habari KUKATIKA KWA MTANDAO NA KUPUUZWA KWA MTEJA, nakala kwa mkurugenzi ambaye hata sijui kama yupo. Mpendwa akanijibu kwa picha ya dole gumba. Halafu akataka nipige picha tatu za dishi kutoka pande tatu. Dada aliposikia picha zinakwenda ofisini kwa watu, akapanda juu na beseni, akalivua dishi, akalipangusa kwa kitambaa kibichi na kingine kikavu, ndipo akaniruhusu nipige. Jibu likaja: "Mpendwa mteja, hatuoni kizuizi chochote. Kifaa chako ni safi mno." Sifa ile dada aliipokea vizuri. Mtandao haukuja.

Nilipotishia kwa mara ya nane kuwapeleka kwenye vyombo vya sheria, wakamtuma fundi, mwanamume mnene mwenye kofia ngumu ya njano na maneno machache. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Dada alikuwa amefagia paa tangu alfajiri na kila kitu nyumbani kimevuliwa kwa heshima ya mgeni, hata mtungi wa gesi. Fundi akapanda, akaunganisha vyombo vyake, akapima, akapima tena. Akaniambia hapa hamna tatizo, mzee, mtandao unakimbia kuliko nyumbani kwangu. Nilimtazama kwa jicho lile lile nililotazamwa nalo miaka ishirini na saba. Akaandika kwenye fomu "tatizo halikuonekana", nikatia sahihi, akaenda zake. Binti alikuwa ameahidi kupiga baada ya nusu saa, akitoka zamu.

Fundi hakufika mbali, kwa sababu alisahau kofia yake juu ya paa. Aliporudi nilimsindikiza kuichukua, na tulipotokeza ngazini tukamkuta dada amepiga magoti, anafunga vifundo.

"Mama," fundi akauliza pole pole, "unafanya nini?"

"Nakirudishia nguo. Si mgeni ameshaondoka?"

Dishi lilikuwa limevaa foronya ya satini nyeupe yenye nyuzi za fedha, imepigwa pindo pande zote nne, ina kamba za kufungia. Nilikuwa nimeiona kila siku, na sikuwa nimeiona. Ungeniuliza kama kuna kitu juu ya dishi ningekula kiapo kwamba hakuna, kwa sababu katika nyumba ile nguo si kitu kilicho juu ya kitu. Nguo ndiyo ngozi yake. Wiki moja kabla ya hapo ilifuliwa, na aliyeirudisha ikiwa mbichi na kuikaza zile kamba ni mimi, mlalamikaji.

Fundi akashika kitambaa, akakisugua kati ya vidole, akasema nyuzi hizi ni za chuma, mama. Ishara inatoka mbinguni inafika hapa inarudishwa. Kikiwa kikavu kinapitisha kidogo, kikilowa ndiyo basi. Akatutazama mmoja baada ya mwingine, akavaa kofia yake, akashuka bila kubadilisha fomu. Sitamsahau kwa wema ule.

Mimi nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa na tangi la maji, nilikuwa na kilima, nilikuwa na barua ya kurasa mbili. Lakini dada alikuwa amekaa kwenye zege, miguu yake iliyovimba ameinyoosha mbele, na ile foronya mapajani.

"Ni mabaki ya gauni lake," akasema. "Nikaona hiki ndicho kinachoniletea mtoto, nacho kinakaa juani peke yake. Nikakishonea kilicho bora."

Nikamsaidia kuinuka.

Binti akapiga, akatokea ametulia kama yuko sebuleni kwetu. Akavua shuka, akazunguka. Alipogeuza mgongo tukaona vishikizo na matundu yake vimetengana, upana wa vidole viwili hivi kila upande, na bandi za kwapani zimekatika. Dada akatoa pini mdomoni. Binti akaanza kulia, akasema vipimo vilikuwa sawa, Mama, ila kila mtandao ulipokatika alipata wasiwasi, na akipata wasiwasi anakula. Wiki tatu alikuwa anakula. Huko aliko satini kama ile ameitafuta maduka yote, hakuna.

Dada hakulia wala hakugomba. Aliinua ile foronya akaisogeza kwenye kamera, akamwambia aache kulia na achukue kalamu. Akamweleza: vipande viwili virefu, vinapita kwapani mpaka kiunoni, kimoja kila upande, na upande wenye maandishi uingie ndani. Maana kwa mazoea ya sare za shule, alikuwa ameitia foronya namba ya mwenyewe. Tarakimu zote kumi na mbili, kwa uzi wa buluu, kubwa za kusomeka.

Jioni ile foronya ilikwenda kwa ndege, ikafika siku tatu kabla ya harusi. Mpendwa naye akaniandikia: je, tatizo lako limetatuliwa, na unatupa nyota ngapi kati ya tano? Nilifikiria sana. Nikawapa tano, nikaongeza kwamba nawaombea wastaafu salama.

Siku ya harusi dishi lilikuwa uchi juu ya paa, na dada ndiye aliyekuwa amevaa kila kitu. Tulikaa wawili mbele ya skrini. Picha haikuganda hata mara moja. Bibi harusi akaingia, gauni limemshika kiunoni na kumwachia anapotembea, na dada muda wote akanong'ona, pindo, bega, mgongo, kama anayesahihisha mtihani. Machozi hayakumtoka, nami nikaona haya kuyatoa peke yangu.

Halafu binti akaitafuta kamera kati ya watu, akatabasamu, akainua mkono juu kabisa kumpungia mama yake. Pale kwapani, nje nje, uzi wa buluu. Alikuwa amekataa kuigeuza ndani. Nikaisoma yote bila miwani, mpaka ile mbili nne na sifuri.

Dada akasogeza kiti, akagusa skrini kwa kidole chenye sugu ya sindano, pale pale penye namba, na machozi sasa yakimtiririka.

"Imekaa," akasema.