Bimkubwa Aenda kwa Daktari wa Bima

Bimkubwa alikuwa fundi wa kushona kutoka Unguja, mjane, mkaazi wa Greenbelt, Marekani, na kazi yake ilikuwa katika duka la magauni ya harusi huko Arlington. Wateja waliupenda mkono wake na kuuogopa ulimi wake. Gauni lisipokukaa, alikwambia kweupe.

Mwaka 1998, akitoka Woodbridge kumpelekea bi harusi gauni lake, aligongwa kwa nyuma kwenye foleni ya barabara kuu. Akaumia shingo na bega la kulia. Bima yake ilikuwa ya aina inayomtibu mwenye gari bila kuuliza nani mkosa, basi akaanza matibabu. Shingo ikapata nafuu siku hadi siku. Bega likagoma. Daktari wake akasema ni msuli tu, utatulia.

Miezi ikapita, kampuni ya bima ikataka apimwe na daktari waliyemchagua wao. Bimkubwa hakuwa na neno, mpaka aliposikia kuwa daktari ni mwanamume na kwamba bega litafunuliwa. Akampigia simu Peterson, karani aliyeshika faili lake.

"Nipe daktari mwanamke, nitakuja hata kesho."

"Bibi, huo si utaratibu wetu. Usipopimwa tutahesabu umekataa, na matibabu hatutayalipia tena."

"Sijakataa kupimwa. Nimekataa kuvua nguo mbele ya mwanamume. Hayo ni mambo mawili."

Peterson akasema miadi haibadiliki.

Jirani yake Shiku, Mkenya aliyekuwa akihudumia wazee, alipandwa na hasira alipoambiwa. "Achana nao, Mama! Usiende kabisa."

"Nisipokwenda, wao watashika mpini na mimi makali. Nakwenda."

"Haya basi, nitaomba off kazini, twende pamoja."

Daktari alikuwa mzee mpole. Akamuuliza habari za ajali, akamgeuzageuza shingo juu ya mtandio. Alipofika begani, Bimkubwa akainua kiganja.

"Hapa ndio mwisho wangu, daktari. Mtafute mwanamke amalizie."

Mzee akamtazama, kisha akanyanyua simu, akamwambia Peterson, huku Bimkubwa akisikia: "Bibi huyu yupo mbele yangu. Siwezi kuandika kwamba amekataa." Akatoka kwenda kumwita mwenzake wa chumba cha pili, Daktari Dorothea.

Dorothea alifunga mlango, akavuta pazia. Akaanza na shingo: je, bado inauma? Shiku, aliyekuwa amekaa pembeni, akamkonyeza Bimkubwa kwa nguvu aseme inauma.

"Shingo imepona, alhamdulillahi," akasema Bimkubwa. Shiku akaguna.

Likaja bega. Dorothea aliuinua mkono taratibu, akausukuma kwa nje, na Bimkubwa, aliyezaa watoto wake bila kutoa sauti, akapiga ukelele uliosikika mpaka ukumbini.

"Huu si msuli uliovutika," akasema Dorothea. "Nadhani kano imechanika ndani. Nitaagiza upigwe picha."

Ndani ya gari Shiku hakujizuia. "Na wewe pia! Si ungewaambia tu shingo bado?"

"Ningedanganya juu ya shingo, nani angeniamini juu ya bega?"

Picha ikathibitisha maneno ya Dorothea. Bima ikakata matibabu ya shingo, ikalipia upasuaji wa bega. Peterson alipiga simu mwenyewe kumwarifu, sauti yake imeshuka. Bimkubwa akamshukuru, hakumsimanga.

"Ila akija mwanamke mwengine kama mimi," akasema, "msimhangaishe hivi."

"Nitajitahidi, Bibi."

Mkono ulirudi polepole, na haukurudi wote. Magauni mazito aliwaachia wenzake wayatundike. Sindano na mkasi alibaki navyo mwenyewe, na maharusi wa Arlington waliendelea kuambiwa kweupe.