Majina Mawili ya Marehemu

Baba yao alipofariki, kikao cha familia hakikuchukua hata nusu saa kumchagua msimamizi wa mirathi. Kaka mkubwa alikuwa anafanya kazi mbali, akasema hana likizo. Mdogo wao wa mwisho, ambaye hata wateja wake wanamwita Kitindamimba, akasema yeye na karatasi ni paka na panya. Macho yote yakamgeukia dada wa kati, fundi cherehani, mama wa watoto wawili.

"Wewe una subira," shangazi alimwambia.

Katika familia ile, ukiambiwa una subira ujue umeshatwishwa mzigo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vitatu, sebule ya sakafu nyekundu, na jiko lenye bati lililotoboka mahali pamoja tu, ndoo ikikaa chini yake mwaka mzima. Hakuna kati yao aliyeweza kuichukua na kuwafidia wenzake, kwa hiyo walikubaliana kuiuza. Dalali alikuja, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole, akasema kuuza ni kazi ya wiki mbili. Hakusema kwamba kabla ya wiki hizo mbili kuna mwaka mzima.

Masijala ya mahakama ilikuwa na dirisha la kioo lenye tundu dogo usawa wa kifua, hata mtu mfupi kama yeye alilazimika kuinama ili asikike. Nyuma ya kioo alikaa karani mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Mara ya kwanza alimrudisha kwa sababu hakuwa na muhtasari wa kikao. Mara ya pili muhtasari ulikuwepo, sahihi ya kaka mkubwa haikuwepo. Mara ya tatu kila kitu kilikuwepo, karani ndiye ambaye hakuwepo. Tangazo la mirathi likatoka gazetini, siku tisini za kusubiri pingamizi zikahesabiwa. Kila alipokwenda mahakamani alifunga kibanda chake cha kushona, na kila aliporudi alikuta mteja amekaa kwenye ngazi, uso umevimba kwa hasira.

Siku tisini zilipokwisha, karani aliweka hati ya nyumba na cheti cha kifo ubavu kwa ubavu, akavitazama kwa muda mrefu.

"Mama, huyu aliyekufa siye mwenye nyumba."

"Ni baba yangu. Nimezaliwa humo."

"Mimi sikatai. Majina ndiyo yanayokataa."

Ni kweli. Baba alinunua kiwanja akiwa kijana, akatumia jina alilopewa na upande wa mama yake. Alipopata ajira, akaandikishwa kwa jina la upande wa baba, na hilo ndilo alilozikwa nalo. Karani alimweleza kwamba anahitajika shahidi wa kiapo, mtu mzima asiye mrithi, aliyemjua marehemu kwa majina yote mawili. Ndugu wote wa rika la baba walikuwa wametangulia. Alibaki mmoja tu wa kuapa: Mzee wa Posta, jirani wa ukuta mmoja, aliyestaafu kazi ya kugawa barua. Walinunua viwanja siku moja, wakafuatana hata kuajiriwa ofisi moja. Kisha wakagombania ukuta huohuo, eti umeingia upande wa mwenzake kwa unyayo mmoja, na kwa miaka kumi na minane hawakusalimiana.

Fundi alikwenda jioni, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuuliza habari za ukuta?"

"Nimekuja kuomba uniapie mahakamani."

Alimweleza yote. Mzee alisikiliza huku akimenya chungwa taratibu, ganda likitoka refu bila kukatika.

"Baba yako aliapa mbele ya watu kwamba hatanihitaji mpaka anaingia kaburini."

"Ameshaingia, mzee."

Mzee alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Basi kiapo chake kimekwisha. Twende kwenye changu."

Mbele ya hakimu alisimama wima, koti lake likinuka dawa ya nondo. Hakimu alimuuliza marehemu alikuwa nani kwake.

"Jirani yangu, mheshimiwa. Miaka kumi na minane hatusemeshani."

"Sasa unamjuaje vizuri kiasi hicho?"

"Mtu usiyesemeshana naye unamtazama sana."

Hakimu aliinamisha kichwa juu ya jalada, na fundi hakujua kama anaandika au anaficha tabasamu. Majina mawili yakawa mtu mmoja kisheria. Nje, mzee alikataa kusindikizwa. "Sikufanya kwa ajili yake," alisema. Kisha akatembea hatua tatu, akageuka. "Naye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mbishi tu, kama mimi."

Barua ya usimamizi ilipopatikana, mnunuzi naye akapatikana: mwalimu mmoja na mumewe, waliokuja mara tatu kuikagua nyumba bila kuidharau. Lakini Kitindamimba alikuwa bado anaishi humo. Sebule alikuwa ameigeuza karakana ya redio, meza imejaa nyaya na spika zisizo na sauti. Kila akiambiwa ahame alisema "wiki ijayo," na wiki ijayo ikawa na mdogo wake.

Kaka mkubwa alipiga simu, akiwa na haraka kama kawaida. "Mwambie atoke. Kwani yeye nani? Sote warithi sawa."

Fundi alikuwa amekaa kwenye cherehani, miguu imevimba, sindano mdomoni. Aliitoa.

"Kaka, baba alilala kitandani miaka miwili. Wewe ulimwogesha lini?"

Kaka alianza habari za likizo, fundi akamkatiza.

"Mimi nilikuja Jumamosi, nikapika, nikaondoka. Mdogo wetu ndiye aliyekuwa anamgeuza. Sisemi apewe nyumba. Nasema atafutiwe kwanza chumba na mahali pa kufanyia kazi, ndipo sisi tugawane kitakachobaki."

Kaka alivuta pumzi kwa nguvu hata simu ikakoroma. "Sawa," alisema mwishowe. "Lakini andika, mimi nitasaini."

Walimhamisha Kitindamimba Jumapili moja kwa mkokoteni, hadi chumba walichompangia chenye baraza la kufanyia kazi. Alibeba redio zake kama mayai. Mlangoni alisimama, akamwambia dada yake, "Nimechoka kukuona umechoka."

Makabidhiano yalifanyika, ndugu wakapata haki zao, na fundi akadhani amemaliza. Karani akamwambia bado kuna taarifa ya kufunga mirathi. Akaijaza. Tarehe ikakosewa, akaijaza upya. Miezi kumi na minne baada ya mazishi, aliinama kwa mara ya mwisho kwenye lile tundu. Karani aligonga mhuri, akalifunga jalada kwa kamba, akaliweka juu ya mengine.

"Tayari, mama."

"Tayari kabisa?"

"Kabisa."

Hakuondoka. Alibaki ameshika ukingo wa dirisha. Karani alimtazama, akavua miwani yake, akatoka kwa mlango wa pembeni na kumsogezea benchi.

"Pole na msiba, mama," alisema. "Sijawahi kukupa pole."

Tangu kaburi lifukiwe, watu walikuwa wanamuuliza habari za hati, mihuri na funguo. Fundi alijifunika uso kwa ncha ya mtandio, akamlilia baba yake pale kwenye korido, kwa sauti, huku foleni ikimsubiri kwa adabu.