Shati la Mikono Mirefu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimevaa sweta mbili, koti zito na kofia ya marvin, ile ya sufi inayoziba masikio. Mama yangu kule Roret aliamini kwamba mtu akienda kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai atakufa kwa baridi, na kweli saa moja asubuhi nilimshukuru. Hedimani, yaani msimamizi wa vibarua wa bustani, alinitazama kutoka juu hadi chini. "Wewe umekuja kulima ama umekuja kuuza mitumba?" Wenzangu walicheka, nami kwa hasira nikakataa kuvua hata kitu kimoja. Kufikia saa sita nilikuwa nimeketi chini kando ya maua ya nyumbani kwa meneja wa shamba, nimeloa jasho, kizunguzungu kimenishika. Hedimani aliniletea maji. "Baridi ya hapa inaisha saa tatu, kijana. Mbona wewe unaivaa mpaka jioni?"

Nimetunza bustani maisha yangu yote, na kilichonichosha si jembe. Ni watu wasiojua kuvaa. Utamkuta mtu analima saa saba mchana mwezi wa pili, wakati hata majani ya viazi yamelala, naye amejifungia ndani ya jaketi kwa sababu asubuhi kulikuwa na umande. Ukimwambia avue, anakujibu kwamba Kericho ni kwa baridi. Mwenzake naye amevua kila kitu, amebaki na fulana, mgongo wote unaliwa na jua, na kesho yake hawezi hata kubeba ndoo. Nimewaeleza, nimewagombeza, nimewaonyesha. Ni kama kuongea na ukuta.

Baada ya bustani ya meneja nilihamishiwa kitaluni, mahali pa kuoteshea miche ya chai. Miche hiyo hukaa chini ya wavu mweusi unaopunguza jua, kisha huzoeshwa mwanga polepole kabla ya kupelekwa shambani. Afisa wa Kitalu alikuwa mtu mkali asiyecheka. Siku moja alinikuta nimevua shati. "Huu mche umewekewa kivuli," akasema. "Wewe ni nani amekuwekea? Vaa shati yako." Huko ndiko nilikojifunza kwamba kivuli cha mkulima ni nguo yake. Iwe ya pamba, si nailoni, maana nailoni haipitishi hewa na jasho linabaki ndani. Iwe pana, imekuzidi kidogo, imefuliwa mpaka ikalainika, mikono mirefu, kola ya kuinua shingoni. Kofia iwe na ukingo pande zote, kwa sababu jua halikai mbele peke yake. Nguo ya baridi ya asubuhi uivae juu, uivue mapema, uitundike kwenye mti.

Nilipofanywa nyapara wa bustani za ofisi na kliniki, nilipanga kazi hivyohivyo. Kuchimba na kupanda tulimaliza kabla jua halijapanda. Mchana tulikata ua wa miti tukifuata upande wenye kivuli. Na kati ya watu wangu wote, aliyevaa vizuri bila kugombezwa alikuwa Chepkemoi.

Chepkemoi alikuwa na ualbino. Kwake nguo haikuwa suala la kusikia joto au kutosikia. Alivaa shati kubwa la kiume la mikono mirefu, sketi ndefu na kofia ya majani yenye ukingo mpana, na hakuna aliyemshinda kupalilia.

Ndipo akaja Meneja mpya. Wanunuzi wa chai kutoka ng'ambo walikuwa wakitembelea shamba kila mara, naye alitaka tupendeze. Akatuletea tisheti za nailoni za mikono mifupi, na kofia zenye ukingo wa mbele tu. Nailoni! Nilimwendea ofisini nikamweleza habari za Chepkemoi.

"Koech, nataka watu wangu wafanane," akasema. "Huyo mmoja ataharibu laini yote."

"Basi avae tisheti juu ya shati lake, Bwana Meneja."

"Aonekane kama mtu amevaa mara mbili? Hapana. Avae kama wengine ama aende nyumbani."

Nilirudi bustanini nikamweleza Chepkemoi. Alinisikiliza, akainama akaendelea kung'oa magugu. "Nyapara, niko na watoto watatu na baba yao alishaenda. Wacha nivae tu."

Akavaa. Jioni ile mikono yake ilikuwa myekundu kuanzia begani. Nilimpa kazi ya kitaluni, chini ya wavu. Meneja akapita, akauliza kwa nini mtu wa bustani yuko kitaluni, akamrudisha juani. Nilimpa kazi ya kufagia veranda za kliniki. Meneja akasema napendelea watu. Hata wenzake wakanung'unika kwamba yeye anafanya kazi za raha. Watu hao hao walioshinda wakijikuna kwa sababu ya nailoni! Kisha juu ya kiwiko chake kikatokea kidonda, na kidonda hicho kikakataa kukauka.

Nilikwenda kwa Afisa wa Ustawi, mama mmoja mfupi aliyeshughulikia mambo ya wafanyakazi. Hakuniuliza maswali mengi. Alimchukua Chepkemoi na nesi wa kliniki, tukaingia wote kwa Meneja. Nesi akaushika ule mkono mbele yake. "Hii tutaitoa. Lakini akiendelea kukaa kwa jua hivi, siku moja itakuja saratani ile hatuwezi kutoa. Itamuua."

Meneja alitazama kidonda, akatazama dirishani. "Sawa. Avae anachotaka. Lakini akae bustani ya nyuma, wageni wasimwone."

Nilifungua mdomo nimjibu, na labda ningefukuzwa siku hiyo, lakini Chepkemoi alinivuta nje.

"Bustani ya nyuma ni sawa, Nyapara."

"Ni sawa kivipi? Anakuficha kama takataka!"

"Huko nyuma kuna miti," akasema, akaenda kutafuta shati lake.

Meneja huyo alihamishwa, akaja mwingine, na yunifomu zikabadilishwa bila mtu yeyote kutuomba msamaha. Chepkemoi alibaki bustani ya nyuma kwa hiari yake, mpaka mimi nikastaafu.

Sasa nina chai yangu kidogo na mboga hapa Roret. Sijapumzika. Mwanangu mkubwa anapalilia mahindi saa saba mchana akiwa na fulana, na nikisema ananijibu, "Mzee, hii ni jua tu." Jua tu! Mke wangu naye havui sweta mpaka Krismasi.

Mwezi uliopita nilikutana na Chepkemoi sokoni Kericho, naye amestaafu. Uso wake umejaa mikunjo, anatembea na fimbo. Alianza kulalamika pale pale, kama mzee yeyote: magoti yanauma, meno yanang'oka, wajukuu wana kelele, usingizi unaisha saa tisa usiku. Mimi ni mtu nisiyevumilia malalamiko, kila mtu nyumbani anajua. Lakini nilimvutia kiti tukakaa kivulini, nikamwambia aanze tena na magoti.