Linah Aliyenikanyagia Breki

Nilimwona Linah Jepkoech mara ya kwanza mwaka 2001, akilisukuma gari lake peke yake kuingia kwenye gereji yangu hapa Matisi, Kitale. Alikuwa amevaa gambuti na gauni la kanisani. Nilitaka kukimbia nimsaidie, lakini mimi huogopa watu, nikabaki nimesimama na spana mkononi.

"Wewe ndiye fundi ama ni mlinzi?"

"Ni mimi fundi."

"Basi sukuma, bana! Gari ni la marehemu, lakini mimi bado niko hai."

Marehemu alikuwa mumewe, Kigen, afisa wa kilimo. Linah alifuma sweta za shule kwa mashine na kuzipeleka kwao Kapsokwony, ambako barabara hushuka mlima kama ngazi. Gari lilikuwa la zamani, lakini lilikuwa na ABS, kile kifaa kinachozuia magurudumu yasikwame na kuteleza ukifunga breki ghafla.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa ndani akikanyaga. Mwingine hulala chini, akafungua kinati nyuma ya gurudumu, mafuta yakatoka na mapovu yake hadi kwenye chupa ya soda. Sikuwa na msaidizi, kwa hiyo Linah alikanyaga mwenyewe, siku hiyo na kila mara breki zilipolegea.

"Shika," ningesema.

"Nimeshika."

"Achia."

"Nimeachia. Fundi, umelala huko?"

Sijaoa. Kuna wiki zilizopita bila mimi kuongea na mtu ila kumwambia aje kesho. Lakini nikiwa chini ya gari hakuna aliyeniona uso, na Linah aliongea. Alinisimulia kuhusu sindano zilizovunjika, na kuhusu mama yake aliyekataa kuhamia Kitale, ati watu wa huku wanapitana bila salamu. Mimi nilijibu "shika" na "achia". Yalinitosha.

Aprili 2005 alifika asubuhi na mapema, bila mzaha. Kaka yake, Kiptanui, alikuwa amepiga simu: mama amezidiwa, aletwe hospitali. Pikipiki ingemfikisha Linah juu, lakini isingemshusha mgonjwa aliyelala. Nayo pedali ya breki ilikuwa ikizama.

Tulianza gurudumu la nyuma kushoto. Aliongea haraka siku hiyo, kama mtu anayejizuia kulia. Alisema mama yake ndiye aliyemfundisha kufuma, kwa vijiti vya mianzi, wakichunga ng'ombe. Nilisikiliza. Sikutaka amalize. Tukaenda gurudumu la pili, la tatu, na wakati wote huo sikuinuka hata mara moja kuongeza mafuta kwenye kikopo kilicho chini ya boneti.

Niliposimama, kikopo kilikuwa kikavu.

Fundi yeyote anajua maana yake. Upepo ulikuwa umevutwa kutoka juu hadi ndani ya ABS, na humo hautoki kwa kukanyaga tu. Nilijaza mafuta, tukarudia magurudumu yote manne. Pedali ilibaki laini kama ugali usioiva.

"Inashika kidogo," Linah akasema, akiwasha injini. "Nitaenda polepole."

Nilisimama mbele ya gari. Sijui nguvu ile niliitoa wapi.

"Mama, usiende. Nimekosea mimi. Niliacha mafuta yakaisha."

"Toka, fundi."

"Kule kuna mteremko. Hutafika na mgonjwa."

"Nimesema toka!"

Sikutoka. Mwishowe akahamia kiti cha pembeni, nikaendesha hadi uwanja wa nyasi uliolowa mvua. Nikakimbiza gari, nikafunga breki kwa nguvu, mara nyingi, hadi pedali ikatetemeka chini ya mguu wangu. Hapo ABS ilikuwa inafanya kazi na kuusukuma upepo nje. Linah alitazama saa yake. Tukarudi, tukatoa upepo upya. Alikanyaga na kuachia bila kunijibu. Pedali ikawa ngumu saa nane mchana.

Alifika Kapsokwony saa kumi. Mama yake alikuwa amekata roho saa saba.

Baada ya mazishi aliuza gari akahamia Bungoma. Nilikaa miezi mitano kabla ya kuthubutu kwenda. Nilimkuta kwenye kibanda karibu na soko, akifuma. Alinipa kiti na chai. Niliinamia kikombe, nikamwambia pole. Nikamwambia pia kwamba breki zile zisingemfikisha chini.

Mashine ikasimama.

"Najua, fundi. Ulifanya vizuri," akasema. "Lakini siku ile ningependa ungeniacha niende."