Unga wa Majani Katika Uji wa Tata

Nakumbuka Sabato moja asubuhi baba mkwe wangu alipoingia jikoni kwangu, akaketi kwenye kigoda changu, akaninyooshea mkono tusalimiane. Mwanangu Kerubo, wewe ulikuwa mgongoni mwangu, hata kutambaa hujaanza. Mwiko uliniponyoka.

"Mama," mzee yule aliniita, "mbona hujanipa chakula?"

Mtu wa mbali atauliza kuna ubaya gani mzee kuingia jikoni. Wewe ni Mgusii, lakini umekulia siku za simu, kwa hiyo acha nikukumbushe. Sisi tuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya. Mke wa mwana hashikani mkono na baba mkwe, haingii chumbani kwake, wala hazungumzi habari za mwili wake. Naye mzee hakanyagi jikoni kwa mke wa mwanawe. Tata, ndivyo tulivyomwita, alikuwa mzee wa kanisa hapa Nyansiongo, na kwa miaka minne ya ndoa yangu hakuwahi kuvuka kizingiti changu. Leo ameketi pale, vifungo vya shati vimekwenda kombo, jasho linamtiririka kwenye baridi yetu hii, mikono inatetemeka, na mimi eti ni mama yake.

Nilichanganyikiwa. Nikikaa, navunja chinsoni. Nikitoka, namwacha mgonjwa. Nilitoka, mwanangu. Nilikimbia nikajificha nyuma ya zizi la ng'ombe, na mpaka leo naona aibu kukuambia.

Najua unajiuliza haya yote yanatoka wapi. Yanatoka kwenye ule mkebe ulioniletea Jumapili iliyopita, wa unga wa majani ya kutuliza magoti. Uliusifia wee, ukafungua na mkebe wako mwingine wa kusafisha mwili, ukachota kijiko mbele yangu ukanywa. Nikakuambia asante, nikanyamaza. Sikuwa nimenuna. Mawazo yangu yalikuwa yamerudi jikoni kwangu, Sabato ile.

Tata alikuwa na ugonjwa wa sukari. Boma zima lilijua, na boma zima lilinyamaza. Nilijua kuna dawa anazomeza chumbani, maana mama mkwe alikuwa akimpelekea maji kila asubuhi, lakini ni dawa gani na ngapi, ningemuuliza nani? Kazi yangu ilikuwa kumpikia uji wa wimbi, mama mkwe akaupeleka.

Sasa kulikuwa na rafiki yangu wa kwaya, Moraa, aliyekuwa akienda Birongo siku za soko. Huko ndiko alikopata unga wa kijani, mchungu kama nini, wa kushusha sukari. Moraa hakuwa tapeli, usimfikirie vibaya. Aliamini, na baba yake mwenyewe alikuwa anautumia.

"Hii si dawa, ni chakula," aliniambia. "Ni majani tu. Majani yamemdhuru nani? Si hata ng'ombe anakula?"

Nami nikacheka nikakubali. Mimi, mwanangu, niliyekuwa nakamua ng'ombe watatu kila asubuhi! Mimi niliyejua kwamba ukimfungulia ng'ombe mwenye njaa kwenye majani machanga yenye umande, atavimba tumbo na kabla ya saa sita mnachuna ngozi. Elimu yote hiyo niliiacha zizini. Mtu akikuletea jambo unalolitamani, akili huomba ruhusa ikatoka.

Nilitamani kupendwa kwenye boma lile. Kila asubuhi nikawa natia kijiko kimoja kwenye uji wa Tata, nakamulia ndimu kufunika uchungu, nakoroga. Sikumwambia mtu. Ningemwambia mama mkwe, angelazimika kumweleza Tata, na Tata angejua kwamba mke wa mwanawe anazungumzia ugonjwa wake. Nikajiambia, tenda wema nenda zako. Wiki zikapita, mama mkwe akasema mzee amechangamka. Nami nilifurahi mno nikaongeza, vijiko viwili. Hakuna aliyeniambia niongeze. Ni furaha tu.

Baada ya hapo mzee alianza kutokwa jasho na kutetemeka kabla ya chakula cha mchana. Alidhani ni uzee, hakumwambia mkewe. Mkewe aliona, akadhani ni uchovu, hakuniambia mimi. Na mimi niliyekuwa na mkebe sikuwa na wa kumuuliza. Waswahili walisema mficha uchi hazai. Sisi tulikuwa tumeficha kila kitu, tena kwa adabu.

Sabato ile alikunywa uji wake, akameza dawa zake, akaondoka mbio kwenda kanisani bila kugusa ndizi alizowekewa. Akageuka njiani. Miguu ikamleta kwangu.

Mama mkwe alipomkuta jikoni alishika kichwa. "Ameingia kwa mke wa mwanawe! Nani amemfanya hivi?" Majirani wakaja, nami nikatoka nyuma ya zizi nikawafuata. Mmoja akasema ni pepo, mwingine akamnusa kinywa, eti amelewa, mzee ambaye hajui hata harufu ya busaa. Wakati wanabishana Tata aliteleza kwenye kigoda akalala sakafuni. Baba yako alikuwa kazini Nairobi. Ni gari la maziwa lililotuokoa. Walimweka mbele na mama mkwe, mimi nikapanda nyuma katikati ya mikebe ya maziwa na wewe mgongoni, ukilia.

Kwenye kituo cha afya tulimkuta daktari kijana kutoka upande wa ziwa, asiyejua Kigusii wala mambo yetu. Alimdunga mzee kidole, akatazama kifaa chake, akakimbia kumwekea maji ya sukari kwenye mshipa.

"Sukari imeshuka vibaya sana," alisema. "Mngechelewa kidogo tu, mngempoteza."

Hapo nilichanganyikiwa zaidi. Si sukari ndiyo ugonjwa wake? Si tulitaka ishuke? Sikujua kwamba mtu wa sukari anaweza kuuawa na kukosa sukari. Nilikuwa nimesimama mlangoni, uso nimeuelekeza ukutani kama inavyotakiwa, nikawa natazama rangi ya ukuta na kujiuliza nimefanya nini.

Mzee alianza kufungua macho. Daktari akamgeukia mama mkwe. "Mama, huyu mzee anakunywanga dawa gani?"

"Ni zile zenu tu."

"Hakuna kitu ingine? Mitishamba? Unga? Chai ya majani?"

"Hapana. Hakuna."

Daktari akakuna kichwa. Akasema kama ni hivyo basi huenda figo zimeharibika, itabidi apelekwe Kisii akapimwe, na dawa zake zibadilishwe. Alikuwa anatafuta ugonjwa ambao haupo, na unga ulikuwa kabatini kwangu. Kesho mzee angerudi nyumbani, ningempikia uji tena.

Sijui nilipata wapi nguvu. Nafikiri ni kwa sababu alikuwa ameuliza kwa Kiswahili. Kwa Kigusii nisingeweza, mdomo ungekataa. Kwa Kiswahili ilikuwa ni kama nasoma darasani.

"Daktari, ni mimi," niliuambia ukuta. "Namwekea unga wa majani kwa uji. Vijiko viwili. Wao hawajui."

Nilisikia mama mkwe akivuta pumzi. Na Tata alikuwa amesikia, nilijua, maana kitanda kililia.

"Unga ya kufanya nini?" daktari akauliza.

"Ya kushusha sukari."

"Sasa ona. Tembe inavuta chini, majani nayo inavuta chini. Mzee angebaki wapi?" Hakunigombeza. "Mimi sikatai majani, mama. Hata hizi tembe, nyingi zilianzia kwa mimea. Lakini kama ina nguvu ya kuponya, iko na nguvu ya kuumiza. Uniambie tu."

Tuliporudi nyumbani nilingoja kufukuzwa. Siku ya tatu Tata akaja akaketi nje ya nyumba yangu, akanipa mgongo kama desturi inavyotaka, akamwita mama mkwe asimame katikati yetu.

"Mwambie mke wa mwanangu," alisema, na mimi namsikia vizuri kabisa, "chinsoni iliwekwa ili tuishi pamoja. Haikuwekwa ili nife."

Basi. Akainuka akaenda. Kuanzia siku ile dawa zake hazikukaa tena chumbani. Ziliwekwa juu ya meza ya sebuleni, kwenye kikapu kidogo, kila mtu azione. Aliishi miaka mingi baadaye, akakubeba wewe mgongoni mzee mzima na watu wakamcheka.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Neno "asili" lililoandikwa kwenye mkebe halimaanishi salama. Kuna majani yanayogombana na dawa za sukari, za presha, za kuzuia damu kuganda. Mengine huchosha ini na figo polepole, na mikebe mingine hutiwa vitu ambavyo hata muuzaji havijui. Ukiona macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi, ngozi inawasha au moyo unakwenda mbio, acha na uende hospitali, na huo mkebe uende nao. Usiongeze kijiko kwa furaha. Usiache dawa ya daktari kwa sababu ya ushuhuda wa jirani. Usimtilie mtu kitu kwenye chakula bila yeye kujua, hata kama unampenda, hasa kama unampenda. Mambo mengine kuhusu mikebe hii bado yananichanganya na nimezeeka nayo, lakini kuuliza si ujinga.

Mkebe wako wa magoti sijaufungua. Nimeuweka sebuleni, kwenye kikapu kilekile cha Tata, pamoja na tembe zangu za presha. Jumanne naenda kliniki na utakuwa mezani kwa daktari kabla sijaketi.

Na jambo moja limebaki. Jumapili ulipofungua mkoba kutoa ule mkebe wa kusafisha mwili, niliona kitabu cha kliniki ya wajawazito. Kwa desturi yetu mama hamuulizi binti yake habari hizo, hungoja bibi aulize. Bibi yako hayupo. Nilinyamaza siku nne, nikaona niko nyuma ya zizi tena. Kwa hiyo nakuuliza mimi, kwa Kiswahili kama utaona haya: huo unga unaokunywa, daktari wako anaujua?

Njoo Jumanne twende wote, na mkebe wako uje nao. Mungu aliyemrudisha Tata kutoka sakafuni kwangu akulinde wewe na huyo uliyembeba, akupe tumbo la amani na mdomo usioogopa kusema.